Congé ni ya watu wawili

Tangu turudi ku Likasi, kuko neno moja tunasikia kila siku. Ndugu wanalisema, jirani wanalisema, hata mukubwa mumoja wa kanisa alilisema mbele ya watu: "Basi mulienda Ulaya, mukalala siku ine mu nyumba ya kukodi pembeni ya maji. Hakuna matanga, hakuna ndoa, hakuna dawa mulienda kutafuta. Mulifanya nini kule?" Tunajibu: Hatukufanya kitu. Hapo wengine wanacheka, wengine wanakasirika. Ndugu mumoja alifanya hesabu ya bei ya usiku moja, akasema ile makuta ingetosha bunga ya mwezi muzima. Hesabu yake ni ya kweli. Lakini tunaomba nafasi mu gazeti juu ya kujibu, kwa sababu wanaotucheka ni watu wa mines kama sisi, na kile kicheko ni ugonjwa wetu wenyewe. Tuliugua nao miaka 31.

Tunaandika sisi wawili, bwana na bibi. Pale tutasema Papa, ni bwana, mécanicien mu kazi ya mukuba miaka 31. Jina ya kampuni haina lazima. Pale tutasema Mama, ni bibi, na yeye alitumika ile miaka yote sawasawa, paka hakuna mutu aliyemuandikia kipande.

Mutoto wetu wa tatu ni infirmière ku Swansea, muji wa bahari mu Wales, ile inchi ndogo pembeni ya Uingereza ambayo kwa Kifaransa tunaita Pays de Galles. Alituita tuje kuona mutoto wake mchanga. Kisha wiki mbili akatuambia: "Papa na Mama, nimewalipia apartema ku Porthcawl, siku ine, ninyi wawili peke yenu." Mama akauliza: "Ni kwa nani?" Akajibu: "Si kwa mutu, Mama. Ni ya kukodi." Mama akauliza tena: "Basi tunaenda kusalimia nani?" Mutoto akakosa jibu. Tunamuelewa. Mu maisha yetu yote hatujapanda gari hata mara moja bila kuwa na mutu wa kusalimia, mugonjwa wa kuangalia ao maiti ya kuzika.

Kutoka Swansea mpaka Porthcawl ni karibu kilometre 30. Mu karne ya 19 watu waliita Swansea jina ya Copperopolis, ni kusema muji wa mukuba. Mawe ya mukuba ilitoka mbali, mpaka Cuba na Chili, ikaja kuyeyushwa pale, juu makaa ya mawe ilikuwa karibu. Leo hakuna four moja ya mukuba inayowaka. Njiani unapita Port Talbot, na ku autoroute unaona haut-fourneau za chuma. Ya mwisho ilizimwa mwezi wa 9 mwaka 2024. Papa aliomba gari isimame aangalie vizuri, mutoto akasema pale hapana ruhusa ya kusimama. Akageuka ku kioo cha nyuma, akaangalia mpaka zikapotea. Hakusema neno mpaka tukafika.

Apartema ilikuwa ku étage ya pili. Hakuna mutu alitupokea. Ufunguo iko mu kasanduku ka chuma ku ukuta, unaandika namba, inafunguka. Chumba kimoja cha kulala, jikoni ndogo, kiti kirefu, na dirisha kubwa inayoangalia bahari. Mutoto akatuachia mikate, mayai na kuku, akaenda zake. Mulango ukafungwa, tukabaki tunaangaliana sawa watu wanaongojea train.

Tutasema ukweli juu ya siku ya kwanza, ingawa inatuletea haya kidogo. Saa kumi na nusu ya asubui, giza bado, Mama aliisha kuamka. Ile ni saa yake tangu aolewe: kuwasha mbabula, kutia maji ya kuoga ya Papa, kutengeneza chakula ya kubeba ku kazi. Kule maji ya moto inatoka ku robinet. Kettle ilichemka mu dakika mbili. Kisha hapo, kitu hakuna. Papa alipoamka alimukuta mu jikoni anapanguza meza iliyokuwa safi tangu jana. Usicheke, wewe musomaji mwanaume, kwa sababu Papa naye, mbele ya saa sita ya mchana, aliisha kufungua mulango wa kabati na kisu cha mezani, akaunyoosha na kuurudisha. Ulikuwa unalia kidogo tu. Hatukujua kukaa. Miaka 38 ya ndoa, watoto sita, na hatukujua namna ya kukaa watu wawili mu chumba kimoja mchana, bila kazi na bila muwageni.

Njo bahari ilitufundisha. Watu wa Tanganyika wanajua maji makubwa, lakini Tanganyika inakaa pahali yake. Kule, mu ule mukono wa bahari unaoitwa Bristol Channel, maji inapanda na kushuka sana, ni katika zile zinazopita karibu zote za dunia. Kuko pahali tofauti ya juu na chini inapita metre 10. Asubui maji inapiga ukuta chini ya dirisha. Ukirudia kuangalia mchana, imekimbia mbali, imeacha muchanga na mawe meusi, watoto wanakimbiza mbwa pale ambapo asubui mashua ingepita. Mama aliuliza: "Maji imeenda wapi?" Papa akajibu: "Imemaliza poste yake." Kumbe ni vile: karibu saa sita inakuja, karibu saa sita inaenda, na kila siku inachelewa kidogo. Siku ya tatu tulikuwa tunajua saa zake bila kuangalia montre. Ni mara ya kwanza mu maisha yetu kufuata saa ambayo haina mukubwa nyuma yake.

Mvua ilinyesha siku mbili kati ya ine, na upepo wa kule haukuombi ruhusa. Hata vile watu wanakuja. Tuliona bibi na bwana wazee wamekaa ndani ya gari yao, kioo imefungwa, wanaangalia bahari mu mvua, wanakunywa chai ya thermos, hawasemi. Saa moja muzima. Siku ya kwanza tulisema wamegombana. Siku ya tatu sisi wenyewe tulikuwa ku banki, na parapluie moja, tunakula chips za moto mu karatasi, na hatukuwa tumegombana.

Ni pale ku banki Mama alisema jambo ambalo hakuwa amelisema hata siku moja. Papa alifanya poste ya usiku miaka 19. Alirudi na kinga, na alipokaribia nyumba alikuwa anashuka, anaisukuma kwa mukono metre 50 za mwisho, juu chaîne isilie, juu Mama asiamuke. Alifikiri ni upendo, na ilikuwa upendo. Sasa Mama akasema: "Unafikiri nilikuwa ninalala? Nilikuwa ninangojea nisikie kinga. Nilikuwa ninajua, nikisikia chaîne, shimo limekurudisha. Na wewe hukulia hata siku moja. Mpaka mulango ufunguke nilikuwa ninakuzika." Miaka 19. Yeye anasukuma kinga polepole, huyu anafunga macho na kusikiliza. Ku nyumba hatukupata saa ya kusema vile. Pale mumoja anaamuka, mwingine amechoka, na watoto, na wageni, na jirani ku mulango. Neno lile lilihitaji siku tatu za kukaa bure ili litoke. Yule ndugu yetu wa hesabu ya bunga, tunamuomba atupe bei ya hiyo pia.

Siku ya dimanche mutoto alikuja kutuangalia, na yeye njo alitafsiri maneno ya muzee mumoja wa kule. Tulikuwa tumeisha kusalimiana naye siku mbili, kwa mikono tu. Mikono yake ilikuwa na alama za bluu chini ya ngozi, sawa tatouage. Papa alijua mara moja kama ni mutu wa shimo: mavumbi ya makaa ikiingia mu kidonda, inabaki pale maisha yote. Papa akamuonyesha ya kwake, kidole kimoja kifupi na kovu la kuungua. Muzee akaitika na kichwa. Mazungumuzo yao ilikuwa ile, na ilitosha mpaka dimanche.

Alizaliwa mu bonde moja juu ya Maesteg, pale mashimo ya makaa ilijaa kama mashimo ya fuko. Alituambia kama wakati wa utoto wake, wiki ya mwisho ya mwezi wa 7 na ya kwanza ya mwezi wa 8, mashimo ilifungwa yote, na mabonde ikamwagika ku bahari. Waliita ile Miners' Fortnight, ni kusema wiki mbili za wachimbaji. Barabara yao ilihama nzima: unaweka mizigo, unafika ku Porthcawl, na kwa muchanga jirani ni ule ule wa ku nyumba, anakuomba chumvi. Walilala mu caravane, kule Trecco Bay, ambako hata leo kuko mamia na mamia ya nyumba za vile. Papa aliuliza: "Nani aliwalipia?" Muzee akacheka, akasema: "Sisi."

Hapa tunaomba ndugu zetu wa syndicat wasome polepole. Wale watu hawakupewa bahari juu ni Wazungu. Ku Senghenydd, tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 1913, moto wa chini ya udongo uliua wachimbaji 439 asubui moja. Wakubwa wa mine walilipishwa amende ya kidogo sana, mpaka leo watu wanaisema kwa uchungu. Uzungu haukuwasaidia kitu. Lakini mu 1920 sheria ilipita: ku kila tonne ya makaa inayotoka, mwenye mine atoe penny moja, itiwe mu mfuko wa maisha ya wachimbaji. Penny moja si kitu. Lakini wakati ule inchi ilikuwa inatoa tonne zaidi ya milioni 200 mu mwaka wa kawaida. Mu mfuko ule kulitoka nyumba za kuogea ku mulango wa shimo, salle za mikutano, viwanja, na nyumba za kupumzikia kwa wagonjwa. Kisha, mu 1938, sheria nyingine ikafungua njia ya wiki moja ya congé yenye kulipwa kwa wafanyakazi. Mutu alikuwa anaweza kulala ku bahari na mushahara unaendelea.

Na mbele ya hiyo yote, watu wa kule walikuwa wameisha kuelewa kama kupumzika ni dawa. Ukitembea pembeni ya maji upande wa mangaribi ya jua, unaona jumba kubwa ya mawe, madirisha mengi, tukafikiri ni seminari. Muzee alituambia historia yake. Munganga mumoja wa Maesteg, James Lewis, alianzisha kazi ile mu 1862 juu ya wachimbaji na wafanyakazi wengine wanaotoka mu ugonjwa ao accident. Jumba yenyewe ilifunguliwa mu 1878. Waliiita The Rest, ni kusema Mapumziko, na plage ya mbele yake imebeba jina ile mpaka leo, Rest Bay. Miaka karibuni nyumba ya wagonjwa ilifungwa, jumba likageuzwa apartema za watu wenye makuta. Pale watu wa kikohozi cha mavumbi walikuwa wanalala wakiangalia maji, leo watu wengine wananunua ile kuangalia maji. Hatulaumu anayenunua, na sisi tulikuwa mu apartema. Lakini mashimo ya Wales karibu yote imekwisha. Ya mwisho kubwa, Tower, wachimbaji 239 waliinunua wenyewe kwa makuta yao ya kufukuzwa, wakaifungua tena mu 1995, ikafungwa kabisa mu 2008. Na siku mashimo yalifungwa, wiki mbili za wachimbaji zilikwenda nayo. Muzee alituambia wazi: kile walipata, walikipata wakati makaa ilikuwa inatoka. Hakuna aliyewaongezea kitu kisha.

Mama alimuuliza swali lake: "Na mama yako, ku caravane, alifanya nini?" Mutoto akatafsiri. Muzee akanyamaza kidogo, akasema: "Alipika." Watoto tano, bwana, na mama mukwe. Jikoni ilikuwa ndogo kuliko ya ku nyumba, njo tofauti. Muzee akasema hajawahi kufikiri ile kabla ya kuulizwa, na ana miaka zaidi ya 80.

Basi turudi kwetu, juu neno yetu iko pale. Sheria yetu ya kazi inatoa congé yenye kulipwa: angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi muzima, na inaongezeka na miaka. Tunafanya nayo nini? Mwenye bahati anajenga nyumba. Wa pili anaenda kulima. Wa tatu anaiuza, na anajisifu: "Mimi nilikula congé yangu yote kwa makuta." Kijana wa sous-traitance haulizi hata kama iko, anaogopa contrat. Na yule anayekaa ku nyumba, njo kabisa: bwana yuko mu congé, ni kusema bibi anapika mara tatu, wageni wanajaa, na mama anangojea kwa hamu siku bwana atarudi ku kazi. Papa alifanya yote ine, hata ya sous-traitance ku mwisho. Hajaulizwa na mutu, na hajamuuliza Mama: Wewe congé yako ni lini?

Kuko rafiki wa Papa, walifanya poste moja miaka mingi. Alikufa mwezi wa tano kisha retraite. Ku matanga bibi yake alimuambia Mama: "Sikujua kama anapenda chai yake bila sukari. Nilikuwa ninaitia miaka yote, na yeye anakunywa." Tulizika, tulikula, tukarudi. Hiyo ni habari ya Likasi, lakini kila musomaji anayo ya kwake ya Kolwezi, ya Kambove, ya Kipushi.

Watatuambia: makuta iko wapi? Code minier ya 2018 inaomba kampuni itoe 0,3 % ya chiffre d'affaires juu ya maendeleo ya watu wanaozunguka mine. Ile ni ya mitaa na vijiji, ni haki yao, tusiiguse. Lakini juu ya mutu mwenyewe anayeshuka mu shimo, na bibi anayemungojea, nani ameomba hata centime moja ku tonne? Délégation syndicale inaingia mu convention collective na kuomba bunga, shule, hôpital, transport. Vizuri, tulihitaji na tunahitaji. Hatujasikia hata siku moja ikiomba nyumba kumi za chumba kimoja pembeni ya ziwa, zenye kugawiwa kwa zamu kwa mwenye miaka mingi ya kazi na bibi yake. Watu wawili, siku ine, na mama asipike: chakula ya kununua, hata kama ni michopo na bukari ya ku barabara. Hatuombi bahari. Ziwa Nzilo iko karibu na Kolwezi, Tshangalele iko hapa kwetu, Kalemie iko na muchanga kama ule tuliouona, na jua zaidi. Mukuba inatoka leo, kila usiku camions zinapita mpaka mulango unatetemeka. Wakati wa kuomba ni sasa.

Na wale wanaosema kukaa bila kazi ni uvivu wa Wazungu, tunawaalika wajaribu siku moja. Ni kazi nguvu. Siku mbili za kwanza tulitaka kurudi kwa mutoto.

Sisi wenyewe hatungojei convention. Mwezi wa 8 tunaenda ku Kapolowe, usiku tatu, mutu mumoja anatupangisha chumba karibu na maji. Simu tutaacha kwa mutoto wetu wa mwisho. Mama amesema hatabeba mbabula. Jirani aliona tunatengeneza sakoshi, amekuja kuuliza nani amekufa kule.